Maswali ya Wasomaji: Pikapu Imelala Nje, Milango Imeganda

Barua nyingi za msimu huu zina kilio kimoja: pikapu imelala nje, asubuhi haifunguki. Tumeziweka pamoja zinazofanana na kujibu zile zinazowagusa wengi. Ila kuna jambo moja linalopita katika majibu yote, na ni vizuri lijulikane mapema. Baridi peke yake haigandishi kitasa. Kitasa kikavu hufanya kazi hata nyuzi 20 chini ya sifuri, labda kwa uzito kidogo kwa sababu grisi imekuwa nzito. Kinachokifunga ni maji. Kuyeyusha barafu bila kuyatoa maji ni kuahirisha tatizo hadi kesho asubuhi.

SWALI: Ufunguo wangu unaingia nusu tu, na nikiusukuma kwa nguvu naona unataka kupinda. Nifanyeje nifungue bila kuuvunja?

JIBU: Usiusukume tena. Ndani ya silinda ya kitasa mna vibati vidogo vya shaba vinavyopanda na kushuka kwa springi nyembamba kama uzi. Nafasi ya kila kibati ni finyu mno, na maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo tone moja linatosha kuvikwamisha vyote. Ukitumia nguvu, kitakachoshindwa si barafu bali ufunguo.

Zunguka kwanza ujaribu mlango wa upande wa pili, kama una tundu la ufunguo. Upande ambao haukupigwa na upepo wala mvua mara nyingi huwa mzima, na ukishaingia ndani unaweza kufungua mlango wa dereva kutokea huko huko.

Kama milango yote imekataa, dawa ya haraka ni kiyeyusha barafu cha vitasa, kile cha kichupa chenye mdomo mwembamba. Penyeza mdomo kwenye tundu ukisukuma kile kifuniko kidogo cha ndani, bonyeza sekunde moja au mbili, kisha subiri nusu dakika. Ingiza ufunguo taratibu mpaka unapogota, utoe, uufute, puliza tena. Kila mara utaona umeingia zaidi kidogo. Mara tatu au nne kwa kawaida zinatosha. Huna kiyeyusha? Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi hufanya kazi ile ile, kwa sababu yenyewe huganda kwenye takriban nyuzi 89 chini ya sifuri. Ile ya asilimia 70 inafaa pia, lakini kumbuka sehemu 30 zilizobaki ni maji. Mililita 2 au 3 kwa bomba la sindano lisilo na sindano ndiyo kipimo. Kumwaga chupa nzima hakuharakishi kitu. Jeli ya kusafishia mikono ni ya dharura tu: ipake kwenye ufunguo, itayeyusha, lakini hubakiza utelezi unaonata, na lazima kitasa kisafishwe baadaye.

Vaa glavu. Alkoholi iliyolala nje usiku kucha ina ubaridi ule ule wa nje bila kuganda, na ikimwagikia kidole inaweza kuunguza ngozi kwa baridi.

Njia ya pili ni kupasha ufunguo moto, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Funguo nyingi za sasa zina kichipu ndani ya kichwa cha plastiki, na injini haiwaki bila hicho kichipu. Moto wa kiberiti cha gesi ukifika pale, umefungua mlango na kupoteza injini. Kwa hiyo ni ufunguo wa chuma kitupu tu unaopashwa kwa moto: ushike kwa koleo au glavu nene, upitishe ncha kwenye moto sekunde 10 hivi, uingize na uache kidogo kabla ya kujaribu kuzungusha. Wenye plastiki upashe kwa kuutia ndani ya glavu pamoja na kiganja chako kwa dakika chache. Na kama umeshapuliza alkoholi, moto usiukaribishe kabisa, kwani mvuke wake unawaka.

Ukiwa karibu na umeme, draya ya nywele ni salama kuliko vyote hivyo. Iweke joto la kati, sentimita 10 hadi 15 kutoka mlangoni, na pitisha hewa yake kwenye bomba la karatasi gumu ili iende moja kwa moja kwenye silinda. Ipe dakika 5, hata 10 siku ya baridi kali. Bunduki ya hewa moto ya mafundi rangi isitumike; joto lake linaweza kupita nyuzi 500, nayo hutoa malengelenge kwenye rangi na kuyeyusha plastiki ya kishikio.

Kupuliza kwa mdomo kupitia mrija tunaulizwa sana. Pumzi ina joto kidogo na unyevu mwingi, na huo unyevu unaganda pale pale. Acha.

SWALI: Kumwagia maji ya moto je?

JIBU: Hapana. Yatayeyusha kwa dakika moja, kisha yataingia ndani ya mlango, kwenye komeo, na chini ya mpira, na yote hayo yataganda upya vibaya zaidi. Kioo chenye baridi kikipigwa na maji ya moto kinaweza kupasuka. Kama ni lazima joto la maji litumike, yatie kwenye chupa ya mpira au mfuko usiovuja na uegemeze juu ya kitasa.

SWALI: Kwangu ufunguo unazunguka vizuri na nasikia komeo likiachia, lakini mlango hauji. Nimevuta mpaka kishikio kimelia.

JIBU: Kitasa chako hakina kosa. Kilichoganda ni mpira unaozunguka mlango: maji yameingia kati ya mpira na fremu, yakageuka gundi. Na huo mlio wa kishikio uuchukue kama onyo. Plastiki na aloi nyepesi za vishikio huwa dhaifu kwenye baridi, na kishikio kikivunjika utakuwa na matatizo mawili.

Mlango wa namna hii husukumwa kabla ya kuvutwa. Weka viganja viwili karibu na ukingo, egemea kwa uzito wa mwili, achia, hamia juu, kisha chini, kisha ukingo wa upande wa bawaba. Barafu haivumilii kupindwa. Utasikia ikipasuka kidogo kidogo. Kisha vuta kwa kushika ukingo wa mlango kama vidole vinapata pa kushika, si kishikio peke yake. Ikigoma, puliza kiyeyusha au mchanganyiko wa vipimo viwili vya isopropili kwa kimoja cha maji kwenye mstari wote wa juu na wa pembeni, subiri dakika 2, usukume tena. Usichomeke bisibisi. Chuma kitachana mpira, na mpira uliochanika utaingiza maji kila siku. Kibanzi cha plastiki cha kukwangulia kioo ndicho mwisho wa zana za kupitisha hapo.

Ukipata mlango mmoja, washa injini pikapu ikiwa nje penye hewa, hita ielekee miguuni na kwenye kioo, na baada ya robo saa milango mingine italegea yenyewe. Ndani ya gereji iliyofungwa usiwashe hata kidogo: moshi wa injini una kaboni monoksidi, nayo huua bila harufu.

SWALI: Mlango umefunguka lakini sasa haufungi. Naubamiza, unarudi.

JIBU: Acha kuubamiza, unaumiza komeo. Tazama ukingo wa mlango: pana ulimi wa chuma unaozunguka, ambao hushika kile chuma cha umbo la U kilichofungwa kwenye fremu. Ulimi ukiganda ukiwa umejifunga, mlango unagonga na kurudi. Ukiganda ukiwa wazi, hauzunguki kukishika kile chuma.

Jaribu kwa bisibisi. Usukume ulimi kama vile ungekuwa unafunga. Komeo lisilo na kasoro hulia "tak" mara mbili, ya kwanza nusu na ya pili kamili. Ukivuta kishikio, ulimi unapaswa kuruka na kufunguka. Usiporuka, pasha kwa draya dakika 5, puliza kiyeyusha ndani ya ule mwanya, na uuchezeshe kwa bisibisi huku umevuta kishikio. Ukilegea, fanya hivyo mara kumi ili maji yatoke. Usiufunge mlango kabla hujaona ulimi ukifunguka kwa kuvuta kishikio, la sivyo unaweza kujifungia nje.

Mlango ulioshika hatua ya kwanza tu haujafungwa. Usiendeshe barabarani ukiwa hivyo, wala ukiwa umeufunga kwa kamba.

Siku joto likipanda, osha komeo kwa spiriti, likauke, kisha weka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo, kiasi cha punje ya maharage. Mara nyingi komeo la gari lenye umri halikugandishwa na maji peke yake. Grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi ikipata baridi huwa kama nta, na ule unyevu kidogo unamalizia kazi.

SWALI: Gari langu lina sentro loki na rimoti. Asubuhi nikibonyeza nasikia mlio ndani ya mlango lakini haufunguki. Siku nyingine hata mlio sisikii.

JIBU: Hizo ni hali mbili. Mlio bila kufunguka maana yake mota inavuta na kitu kimegoma. Bonyeza mara mbili tu, halafu uache. Mota hizo ni ndogo na gia zake nyingi ni za nailoni. Ukibonyeza mara ishirini meno yataliwa, na utanunua kifaa kipya kwa sababu ya barafu ambayo draya ingeiondoa.

Kimya kabisa maana yake umeme haufiki. Betri ya rimoti ni kijisarafu cha volti 3, mara nyingi aina ya CR2032, na baridi huipunguzia nguvu. Iweke rimoti mfuko wa ndani wa koti dakika chache ujaribu tena. Ikifufuka, badilisha betri siku hiyo hiyo. Isipofufuka, huenda betri kubwa ya gari ndiyo imelala, nayo pia hupungua nguvu kwenye baridi.

Hapo ndipo unapohitaji ufunguo wa chuma, ambao rimoti nyingi zimeuficha ndani yake, na tundu ambalo wakati mwingine limefichwa chini ya kifuniko cha kishikio. Silinda ambayo haijaguswa miaka mitatu ndiyo ya kwanza kukataa: imejaa vumbi, kutu ya kijani na maji. Kwa hiyo wenye rimoti wafungue kwa ufunguo angalau mara moja kwa mwezi. Ni nusu dakika.

SWALI: Fundi mmoja ananiambia grafaiti, mwingine WD-40, mwingine grisi. Niweke nini kwenye kitasa ili kisigande?

JIBU: Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kosa kubwa ni kuvichanganya vyote.

Grisi ya kawaida haina nafasi ndani ya silinda. Inakuwa nzito kwenye baridi na inashika vumbi. WD-40 kazi yake ya asili ni kufukuza maji, na herufi hizo mbili zinamaanisha hivyo kwa Kiingereza, kwa hiyo inafaa kutoa unyevu. Lakini utelezi unaobaki ni mwembamba, haudumu, na mabaki yake hukusanya vumbi. Unga wa grafaiti, ule mweusi kama wa ncha ya penseli, haugandi wala hauna mafuta, na kwenye kitasa kikavu ambacho hakijawahi kutiwa kitu kingine ni mzuri sana. Ubaya wake ni kwamba haufukuzi maji, na ukikutana na grisi au mafuta unageuka tope jeusi linaloziba vibati. Tena unapitisha umeme, kwa hiyo usiutie kwenye swichi ya kuwashia gari.

Chaguo letu kwa pikapu inayolala nje ni kilainishi kikavu cha tefloni cha kopo la kupuliza. Kimiminika chake kinapenya, kinakauka, na kuacha utando mkavu usioshika vumbi. Grafaiti tungeichagua kwa kufuli za zamani tu.

Namna ya kukitia kilainishi ina uzito kuliko aina yake. Pikapu iwe mahali penye joto la juu ya sifuri kwa saa kadhaa. Ingiza isopropili mililita 2 au 3, chomeka ufunguo na kuutoa mara tano, ufute kwa kitambaa cheupe. Kitatoka cheusi. Rudia mpaka kitambaa kibaki safi, na pangusa matone yaliyodondokea rangi. Kisha kausha: hewa ya kompresa kwa mgandamizo mdogo, au nusu saa ya kusubiri. Hatua hii ndiyo watu wanaruka, halafu wanalaumu kilainishi. Tefloni juu ya maji inayafungia maji ndani. Baada ya hapo pulizo mbili fupi, ufunguo uingie na kutoka mara kumi, uzungushwe pande zote mbili, ufutwe. Fanya mara moja kabla ya msimu wa baridi na mara moja katikati yake. Na kila ukitumia kiyeyusha cha alkoholi, jua umeosha kilainishi chote, kirudishe.

SWALI: Mipira ya mlango naipaka grisi ya magurudumu. Inasaidia kidogo, lakini naona imevimba.

JIBU: Imevimba kwa sababu ya hiyo grisi. Mipira mingi ya milango ni ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, ambayo inahimili jua, mvua na baridi vizuri lakini haipatani na mafuta ya petroli: inayafyonza, inavimba, inalegea. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, kisha paka silikoni kwa kitambaa, ukivuta mstari mzima pamoja na fremu inayokutana nao. Utando mwembamba unatosha. Ukiona imelowa umezidisha. Silikoni ya kupuliza ipulizie kwenye kitambaa, si mlangoni, ili isifike kwenye kioo wala kwenye rangi. Rudia kila wiki 4 hadi 6 za baridi.

SWALI: Mimi siioshi gari wakati wa baridi na bado inaganda. Maji yanatoka wapi?

JIBU: Anza chini. Inama utazame ukingo wa chini wa mlango. Utakuta matundu madogo ya kutolea maji. Mvua hupita pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango kila inaponyesha, na hilo halina ubaya wowote ilimradi maji yatoke. Pikapu inayotembea kwenye matope huziba matundu hayo, na mlango unageuka ndoo. Ukitikisa mlango ukasikia maji yanacheza, umepata jibu. Yazibue kwa kipande cha nailoni ngumu kama kile cha kufungia waya, si kwa msumari, kwa sababu msumari unakwangua rangi na kuanzisha kutu.

Chanzo cha pili kiko miguuni mwako. Theluji ya viatu huyeyuka kwenye zulia, hita huigeuza mvuke, na gari likizimwa mvuke huo hutulia kwenye chuma baridi na kwenye mpira. Tumia mazulia ya mpira yanayoweza kumwagwa, endesha hita ikivuta hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani, na unapoegesha acha milango yote wazi kwa dakika moja ili hewa yenye unyevu itoke kabla hujafunga.

Ukilazimika kuosha gari, ziba matundu ya ufunguo kwa tepu ya karatasi, ukimaliza ibandue, futa mipira na fremu kwa kitambaa kikavu, fungua na kufunga kila mlango mara kadhaa, kisha endesha dakika 20 na hita. Kuosha na kuegesha papo hapo jioni ya baridi ni kujitafutia barua ya kutuandikia.

SWALI: Mlango wa bodi nyuma na kufuli za sanduku la vifaa ndizo zinanisumbua zaidi.

JIBU: Mlango wa bodi una kishikio kimoja katikati kinachovuta fito mbili kwenda kwenye makomeo ya pembeni. Likiganda komeo moja tu, nguvu yako yote inaishia kwenye kishikio na kukikata. Gonga pembe zote mbili kwa kiganja au nyundo ya mpira, puliza kiyeyusha kwenye mwanya wa kila komeo, subiri, ndipo uvute huku mwingine anausukuma mlango kuelekea ndani. Theluji iliyorundikana ndani ya bodi iondoe jioni. Ikiyeyuka mchana inatiririkia hapo hapo.

Kufuli za kuning'iniza zielekeze tundu la ufunguo chini na uzikatie kipande cha mpira wa tairi kama kofia. Zilainishe kwa utaratibu ule ule wa silinda.

SWALI: Nimechelewa kusoma ushauri. Ufunguo umekatikia ndani, kipande kidogo kinaonekana.

JIBU: Usijaribu kuufuata kwa nusu iliyobaki, utakisukuma ndani zaidi. Gundi ya haraka usiitumie pia, kwa sababu itakamata vibati. Silinda lazima iwe kwenye mkao uleule wa kuingizia ufunguo, vinginevyo vibati vinakibana kipande. Kama ilikuwa imezungushwa, irudishe polepole kwa ncha ya bisibisi ndogo. Yeyusha barafu yote kwanza kwa draya na alkoholi. Kinachotokeza kishike kwa koleo lenye mdomo mwembamba. Kisichotokeza, penyeza ubavuni mwake msumeno mwembamba wa kukatia mbao za urembo, meno yakitazama nje, unase na uvute.

Ufunguo mpya uchongwe kutoka kwa ule wa akiba au kwa namba ya ufunguo, si kutoka kwa vipande viwili vilivyolika. Kama ule wa zamani ulikuwa na kichipu, tunza kichwa chake: injini bado inakitambua, na mpaka mpya usajiliwe kwenye gari, kitahitajika kiwe karibu na swichi ili iwake.